Mkono wa Muuguzi Bingwa: Kutoka Vikope vya Kongwa Hadi Matunzo ya Saratani

Kongwa iko katika uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania, kiasi cha kilometa 90 mashariki ya mji wa Dodoma. Ni nchi kavu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, aghalabu kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika miezi iliyobaki upepo hupeperusha vumbi juu ya mashamba ya mtama, uwele, mahindi na alizeti. Katika vitabu vya historia Kongwa hutajwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta hapo matrekta na mitambo ya kung'oa visiki, ikikusudia kulima karanga kwa wingi usiopata kuonekana. Mwaka 1951 mradi huo uliachwa, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Mashine zilikuwapo, maarifa ya udongo na mvua za Kongwa ndiyo yaliyokosekana.

Katika vitabu vya tiba, Kongwa hutajwa kwa sababu nyingine kabisa. Huko ndiko wataalamu walikojifunza mengi kuhusu ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, na namna mtumishi wa afya asiye daktari anavyoweza kumwokoa mtu na upofu. Funzo hilo halihusu macho peke yake. Leo, wakati saratani inapozidi kuonekana katika hospitali za Tanzania, funzo la vikope lina maana mpya: lafaa kutazamwa upya na kila anayejiuliza mgonjwa wa saratani aliye mbali na mji mkuu atatunzwa na nani.

FUNZO LA VIKOPE

Vikope husababishwa na bakteria waitwao Klamidia trakomatisi. Bakteria hao huenezwa kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi watuao katika nyuso za watoto zenye tongo na kamasi. Mtoto akiambukizwa mara moja, jicho huwa jekundu kisha hupona. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka mingi, upande wa ndani wa kope la juu hufanya makovu. Makovu hayo hujikunja, na mwishowe nywele za kope hugeukia ndani na kukwaruza mboni kila mtu anapopepesa jicho. Hapo ndipo upofu huanza, aghalabu mtu akiwa tayari ni mtu mzima. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wadogo na kuambukizwa nao kila siku.

Tangu miaka ya 1980, Wizara ya Afya pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walichunguza ugonjwa huu katika vijiji vya Kongwa. Mwaka 1995 walichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba katika vijiji vilivyopewa dawa ya macho pamoja na elimu ya kunawisha watoto uso, vikope vikali vilipungua kuliko katika vijiji vilivyopewa dawa peke yake. Maji yalikuwa haba, lakini kunawa uso hakuhitaji maji mengi kama wazazi walivyodhani.

Kwa mtu mzima ambaye nywele za kope zilikwisha kugeukia ndani, maji ya kunawa hayakutosha. Alihitaji upasuaji mdogo wa kulirudisha kope mahali pake. Madaktari bingwa wa macho walikuwa wachache, nao walikaa mijini. Basi wauguzi na maofisa tabibu walifundishwa upasuaji huo mmoja, wakaufanya tena na tena chini ya usimamizi hadi mikono yao ikazoea. Operesheni huchukua muda mfupi, mgonjwa hutiwa ganzi ya kope tu, naye hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, watafiti waliona jambo la kushangaza katika Tanzania ya kati. Wanawake wengi waliohitaji upasuaji, ambao walikwisha kuambiwa kwamba upo, hawakwenda. Sababu zilikuwa umbali, gharama ya safari, na swali la nani atapika na kuchota maji wakati mama hayupo. Kwa hiyo ujuzi wa mkono wa muuguzi ulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuupeleka ujuzi huo karibu na mgonjwa, na kumwelewa mgonjwa mwenyewe.

UGONJWA UENDAO POLEPOLE

Saratani si ugonjwa mmoja. Ni jina la magonjwa mengi yenye tabia moja: seli za sehemu fulani ya mwili huasi utaratibu, hugawanyika pasipo kiasi, huvamia sehemu zilizo jirani na huweza kusafiri hadi viungo vya mbali. Miongoni mwa wanawake wa Tanzania, saratani inayoua zaidi ni ile ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, katika mwaka 2020 wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipata ugonjwa huu na zaidi ya 6,000 walikufa kwa sababu yake. Katika dunia nzima mwaka huo walikufa wanawake wapatao 342,000, na sehemu kubwa yao walitoka katika nchi maskini.

Chanzo chake kinajulikana. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba ugonjwa huu unatokana na virusi vya papiloma, ambavyo kwa kifupi huitwa HPV. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi huenezwa kwa kujamiiana, na watu wengi huvipata wakati fulani maishani pasipo kujua. Kwa kawaida mwili huvishinda wenyewe. Lakini kwa wanawake wachache virusi hudumu, na seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika. Aina mbili tu za virusi hivi, ile ya 16 na ile ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi.

Mabadiliko hayo huenda polepole mno. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida, huweza kupita miaka 15 hadi 20 tangu maambukizo hadi saratani kamili. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI, muda huo huweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu; na hatari yake ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya ile ya mwanamke asiye na virusi hivyo.

Msomaji ataona jinsi magonjwa haya mawili yanavyofanana. Vikope na saratani ya mlango wa kizazi vyote huanzia katika maambukizo, vyote huchukua miaka mingi, na vyote huwaelemea zaidi wanawake. Tena katika magonjwa yote mawili kuna kipindi kirefu ambamo tendo dogo, likifanywa na mkono uliozoezwa, huzuia madhara makubwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba ufa wa saratani hauumi wala hauonekani. Mwanamke hujisikia mzima kabisa. Akianza kuona damu isiyo ya kawaida, au maji yenye harufu, au maumivu ya kiuno, mara nyingi ufa umekwisha kuwa shimo.

DAKIKA MOJA YA SIKI

Namna ya kuutafuta ufa huo ni rahisi kwa kushangaza. Muuguzi humlaza mwanamke kitandani, huingiza taratibu chombo cha kupanulia uke ili auone mlango wa kizazi, kisha hupaka hapo maji yenye asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, yaani siki iliyopimwa. Hungoja dakika moja, kisha hutazama.

Seli zilizoanza kubadilika zina kiini kikubwa na protini nyingi kuliko seli za kawaida. Asidi hugandisha protini hizo kwa muda, na mwanga haupiti tena kwa urahisi. Hivyo sehemu iliyo na kasoro huonekana nyeupe. Baada ya muda mfupi weupe huo hufifia.

Tendo linalofuata huweza kufanywa siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu nyeupe inaonekana yote, ni ndogo, na haina dalili ya kuwa saratani kamili, muuguzi aliyefunzwa huweza kuiangamiza kwa baridi au kwa joto. Katika tiba mgando, chuma kinachopoozwa kwa gesi huwekwa juu ya sehemu hiyo kwa dakika 3, huachwa dakika 5 ili iyeyuke, kisha hugandishwa tena dakika 3. Katika njia mpya zaidi, chuma kilichopashwa moto hadi nyuzi 100 za Selsiasi huwekwa kwa sekunde 20 hadi 30. Mlango wa kizazi una hisia chache za uchungu, kwa hiyo mwanamke huvumilia. Ikiwa muuguzi ana shaka, hafanyi lolote ila kumpeleka mgonjwa kwa daktari. Kujua wakati wa kutofanya jambo ni sehemu ya ujuzi wake.

Je, kazi hii ikifanywa na wauguzi yaweza kweli kuokoa maisha? Jibu lilitoka katika wilaya ya Dindigul, kusini mwa India. Huko wauguzi waliofunzwa waliwapima kwa siki wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 59, na wanawake wa vijiji vingine wakaachwa na huduma za kawaida ili walinganishwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba katika vijiji vilivyopimwa saratani mpya zilipungua kwa asilimia 25, na vifo kwa asilimia 35. Hapakuwa na maabara kubwa wala mashine ya gharama. Palikuwa na siki, taa, na macho yaliyofundishwa kuona.

Tanzania nayo imeifuata njia hii, na wauguzi wa vituo vya afya na hospitali wamefundishwa kupima kwa siki, hasa katika kliniki za wanawake na zile za matunzo ya watu wenye virusi vya UKIMWI.

MUUGUZI BINGWA NI NANI?

Yapo mawazo ya zamani kwamba kazi ya muuguzi ni kutandika vitanda, kupima joto na kutekeleza maagizo. Muuguzi bingwa wa saratani ni mtu aliyehitimu uuguzi wa kawaida, akafanya kazi wodini, kisha akarudi darasani kusomea jambo moja kwa undani. Hujifunza jinsi uvimbe unavyokua, jinsi mionzi na dawa zinavyoua seli, madhara ya kila tiba, elimu ya maumivu, na namna ya kuzungumza na mtu aliyeambiwa habari nzito. Hashiki nafasi ya daktari. Hushika nafasi ambayo kabla yake ilikuwa tupu.

Katika Tanzania, makao makuu ya tiba ya saratani ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo lake la kale lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Tiba ya mionzi ilianza kutolewa hapo mwaka 1980, na mwaka 1996 taasisi hiyo ikaundwa kwa sheria ya Bunge. Baadaye huduma za saratani zilianzishwa pia katika hospitali za Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Lakini kutoka Kongwa hadi Dar es Salaam ni mwendo wa karibu kilometa 400, na tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi huchukua wiki 5 au zaidi, siku tano kila wiki. Mama anayelima mtama hawezi kuziacha wiki hizo kirahisi, hasa zikiangukia wakati wa palizi.

HESABU YA DAWA

Kwa mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi, mara nyingi huongezwa dawa iitwayo sisplatini, ambayo huzifanya seli za saratani zidhurike zaidi na mionzi. Dawa za saratani zina sifa moja ya hatari: kipimo kinachoponya na kipimo kinachodhuru vimekaribiana sana. Kwa hiyo nyingi hupimwa kwa kufuata eneo la ngozi ya mwili, si uzito peke yake. Wanafunzi wa hisabati wanaweza kuifanya hesabu hiyo. Zidisha urefu wa mgonjwa kwa sentimeta na uzito wake kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu.

Tuchukue mfano wa mama mwenye urefu wa sentimeta 160 na uzito wa kilo 50. Mara ya 160 kwa 50 ni 8,000. Ukigawanya kwa 3,600 unapata 2.22, na kipeuo chake cha pili ni 1.49. Eneo la mwili wake ni mita za mraba 1.49. Daktari akiagiza miligramu 40 za sisplatini kwa kila mita ya mraba, mama huyu anahitaji takriban miligramu 60.

Daktari huandika, muuguzi huhakikisha. Humpima mgonjwa upya, kwa kuwa mwenye saratani huweza kupungua kilo kadhaa katika wiki chache, na hesabu ya mwezi uliopita ikawa si kweli tena. Sisplatini huumiza figo, kwa hiyo muuguzi hutazama kama mgonjwa amepewa maji ya kutosha kwa mshipa na kama anakojoa vizuri. Dawa nyingine, kama vile vinkristini, zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama na kuacha kidonda kikubwa. Muuguzi aliyezoea hujua mshipa wa kuchagua, huketi karibu na mgonjwa, na husimamisha dawa mara mgonjwa anaposema mkono unawaka.

Hatari nyingine huja baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Dawa nyingi za saratani hupunguza chembechembe nyeupe za damu, na kwa dawa nyingi upungufu huo hufikia kilele kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika siku hizo, homa ya nyuzi 38 yaweza kuwa dalili pekee ya maambukizo yanayoweza kuua upesi. Katika kijiji cha Tanzania, homa hufikiriwa kwanza kuwa ni malaria. Mgonjwa akinywa dawa ya malaria na kungoja, huenda asione kesho kutwa. Kwa hiyo muuguzi bingwa humweleza mgonjwa na ndugu zake jambo hili kabla hawajaondoka, na humwandikia katika kadi, kwa maneno ambayo mhudumu wa zahanati atayaelewa: huyu anatumia dawa za saratani, akipata homa, aanzishiwe viuavijasumu mara moja na apelekwe hospitali. Karatasi hiyo ndogo ina uzito kuliko chupa nyingi za dawa.

MAUMIVU YANA DAWA

Wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Kwao swali la uponaji huwa limepita, lakini swali la matunzo halijapita. Hapa ndipo kazi ya muuguzi huonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Msingi wa matunzo haya uliwekwa na mwanamke wa Uingereza, Cicely Saunders, ambaye alianza kazi kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua mjini London hospitali ya watu wenye magonjwa yasiyopona. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani yana sehemu nne: ya mwili, ya moyo, ya jamaa zake, na ya roho. Alifundisha pia kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, wala mgonjwa asingojee kulia ndipo apewe. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa ngazi tatu: kwanza dawa za kawaida kama parasetamoli, kisha dawa za nguvu kiasi, na mwisho mofini.

Mofini ya kunywa si dawa ghali. Ni unga unaochanganywa na maji. Taasisi ya Ocean Road imekuwa ikiitengeneza kwa ajili ya wagonjwa wa Tanzania. Hutolewa kila baada ya saa 4, kuanzia kipimo kidogo, ikiongezwa hadi maumivu yatulie. Watu wengi, hata watumishi wa afya, huiogopa wakidhani kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa. Mgonjwa anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani, chini ya uangalizi, si kama anayeitafuta kwa starehe. Hofu hiyo imewaacha watu wengi wakifa kwa mateso yasiyo ya lazima. Muuguzi bingwa hujua pia madhara ya kila siku: mofini hufunga choo, basi humpa mgonjwa dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Katika Afrika Mashariki, Uganda ilionyesha njia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa Uganda mjini Kampala, iliyowafuata wagonjwa majumbani mwao. Ikaonekana upesi kwamba madaktari hawatoshi, na kwamba mofini iliyo hospitali haimsaidii mtu aliye kijijini ikiwa hakuna mwenye ruhusa ya kuiandika. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya matunzo haya kuandika mofini wenyewe. Uamuzi huo uliufikisha utulivu wa maumivu katika wilaya ambazo daktari hakuwa akipatikana.

Yapo mambo madogo zaidi, ambayo hayaandikwi magazetini. Saratani iliyopasua ngozi, kama ile ya titi, huweza kutoa harufu kali. Mama mwenye kidonda hicho hujitenga. Hula peke yake, hulala peke yake, na watoto huogopa kumkaribia. Muuguzi aliyesomea kazi hii hukisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, hunyunyiza juu yake unga wa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, na hukifunga kwa kitambaa safi. Dawa hiyo huwaua bakteria wanaoleta harufu. Baada ya siku chache harufu hupungua, na mama huyo huweza kuketi tena na jamaa zake. Saratani haikuondoka, lakini maisha yake yamerudi.

MPAKA WA KAZI HII

Isidhaniwe kwamba muuguzi bingwa ni jibu la kila swali. Kipimo cha siki hutegemea jicho, na jicho hukosea. Wauguzi wawili huweza kuutazama mlango mmoja wa kizazi wakatoa majibu mawili. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, sehemu inayopaswa kutazamwa huwa imerudi ndani, wala haionekani vizuri. Kwa sababu hizo, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zielekee kwenye kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, ambacho mwanamke huweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Hata hapo muuguzi atabaki na kazi: mwanamke atakayeonekana ana virusi atahitaji kutazamwa na kutibiwa na mtu.

Kadhalika, muuguzi aliyefundishwa akirudishwa katika wodi ya kawaida, pasipo gesi ya tiba mgando wala mofini kabatini, ujuzi wake huchakaa kama jembe lisilotumika. Na muuguzi mmoja aliyepewa kazi za watu watatu hawezi kuketi kando ya mgonjwa. Mradi wa karanga wa Kongwa ulishindwa kwa kuwa na mashine bila maarifa. Huduma ya saratani yaweza kushindwa kwa kuwa na maarifa bila vifaa. Mambo hayo mawili sharti yaende pamoja.

Lipo pia jambo lile lile walilolijua watafiti wa vikope. Mwanamke wa kijijini aweza kuambiwa kwamba kipimo kipo, asiende. Aibu ya kuvua nguo mbele ya mtu asiyemfahamu, hofu ya jibu, ruhusa ya mume, nauli, na shughuli za nyumbani vyote humzuia. Muuguzi anayefahamika katika eneo lake, anayeweza kumwambia kwa upole, "Karibu, mama, dakika chache tu, na nitakueleza kila ninachofanya," huondoa kizuizi ambacho hakuna mashine iwezayo kukiondoa.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Jambo la siki laweza kuonyeshwa darasani. Mimina maziwa mabichi katika bilauri ya kioo hadi nusu, kisha tia vijiko viwili vya siki na ukoroge taratibu. Baada ya muda mfupi protini ya maziwa itaganda na kujitenga na maji yake. Mwalimu aeleze kwamba asidi hubadili umbo la protini, na kwamba badiliko la namna hiyo, dogo na la muda, ndilo linalomwonyesha muuguzi seli zenye kasoro. Wanafunzi wajiulize: kwa nini muuguzi hungoja dakika nzima kabla ya kutazama?

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Tangu mwaka 2018 Tanzania imekuwa ikitoa chanjo ya HPV kwa wasichana. Mwanzoni ilitolewa kwa wale wa miaka 14. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa, ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Umri huo ni wa shule za msingi na madarasa ya mwanzo ya sekondari. Chanjo hukinga kabla virusi havijaingia. Haiviondoi vilivyokwisha kuingia. Kwa hiyo msichana aliyechanjwa atahitaji bado kupimwa atakapokuwa mtu mzima, na mama yake, ambaye hakuipata chanjo, anahitaji kupimwa sasa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2020 shabaha tatu za kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na asilimia 90 ya watakaoonekana wana ugonjwa wawe wametibiwa. Katika kila tarakimu kati ya hizo tatu umo mkono wa muuguzi: unaodunga sindano, unaopaka siki, unaopima dawa.

Mwanafunzi wa Kongwa anayesoma biolojia na kemia leo huenda asifikirie uuguzi kuwa ni kazi ya sayansi. Na afikiri upya. Kazi inayotaka kujua tabia ya seli, hesabu ya dawa, fizikia ya joto na baridi, na moyo wa binadamu mwenzake, yote kwa pamoja na kando ya kitanda kimoja, ni sayansi iliyokamilika.